Jirani wa Ubavuni

Watu wakiniuliza kwa nini simpendi Colette Thibodeaux, huwa nawaambia ni kwa sababu ya mbwa wake. Mbwa hana kosa lolote, masikini. Simpendi kwa sababu alinichukulia Glenda, na alimchukua mchana kweupe, mbele ya mashua nane, huku akicheka na kofia yake ya ukili kichwani.

Glenda Pruett na mimi tulikutana Chicago mwezi wa tisa, kwenye gati ambalo wastaafu kama sisi hujazana kila mwaka na mashua zao, wakijiandaa kuteremka mito hadi Ghuba, baharini kule kusini, kabla baridi haijafunga njia. Mashua yao ni Magnolia. Yetu ni Adeline, jina la mama mkwe wangu, na hayo tuyaache. Siku ya kwanza tu niliona mumewe, Harlan, anafunga kamba kama mtu anayefunga kiatu, na Glenda amesimama kando na bakuli la saladi hajui alipeleke wapi. Nikamwambia, lete hapa. Kufika Peoria tulikuwa tunapika chungu kimoja. Kufika Paducah nilikuwa najua dawa zake za presha kuliko Harlan.

Mito hii ina malango. Unaingia kwenye kisima cha zege, geti linafungwa nyuma yako, maji yanapunguzwa, unashuka nayo, na geti la mbele linafunguliwa uende zako. Matishali ya mahindi na makaa ya mawe hupita kwanza. Sisi wa starehe tunasubiri, kisha tunaingizwa wote kwa mkupuo kama mbuzi zizini. Mahali pa kujifunga ukutani huwa pachache, kwa hiyo mmoja anafunga ukutani na mwenzake anafunga ubavuni mwake. Nani anafunga kwa nani, hilo halisemwi, linajulikana. Glenda alifunga kwangu. Ananitupia kamba, naidaka, tunashuka pamoja tukipeana umbea mpaka geti lifunguke. Ilikuwa kama ndoa yangu ya pili, na ilikuwa inakwenda vizuri kuliko ile ya kwanza.

Ya kwanza ni ya Orrin, mume wangu, ambaye wakati huo wote alikuwa anasoma ramani na kukubaliana na kila mtu.

Basi tulipofika Kentucky, majani yameanza kuwa mekundu, akatokea huyo Colette. Mjane wa Louisiana, miaka sitini na kitu, mashua yake Zydeco inakwenda mbio kuliko za kwetu zote. Anaendesha peke yake, anaegesha peke yake, anajifunga peke yake, na mbwa wake mweupe amekaa mbele kama bwana harusi. Alivyoingia gatini siku ile upepo ukivuma, wanaume wote walisimama kumwangalia na bia zao mkononi. Orrin naye. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba Glenda alisimama, akapiga makofi.

"Umemwona?" akaniuliza. "Shoga, umemwona?"

"Nimemwona. Kaegesha mashua. Hata Harlan anaegesha."

"Harlan anagonga."

Kuanzia hapo ikawa Colette anasema hivi, Colette anasema vile. Colette anasema usukani haukamatwi kwa nguvu. Colette anasema kahawa inatiwa chumvi. Kila mchana tukifunga gatini Glenda anapotea, unamkuta Zydeco, amekalia kiti cha nahodha, Colette anamwelekeza kwa kidole huku na kule. Nilipika nyama ya maharage na pilipili, ile aipendayo, nikampelekea bakuli. Nikamkuta anakula gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana, wa Colette.

"Weka tu hapo, mwenzangu," akasema. "Nitaila kesho."

Kesho! Chakula changu kilale! Nilirudi na bakuli langu, nikalimwaga mtoni, samaki wa Tennessee wakafaidi.

Sasa uelewe kilichokuwa kinaniumiza roho. Mwisho wa mito kuna Ghuba, na kuivuka kwenda Florida ni siku nzima ya maji matupu, hakuna nchi kavu mbele wala nyuma. Mtu mwenye akili havuki peke yake. Watu hupatana mtoni, mashua mbili mbili, na mkishavuka pamoja mmekuwa ndugu, mnazikana. Glenda na mimi tulishapatana tangu Illinois. Tuseme mimi nilisema, na yeye hakukataa. Lakini tulipofika Demopolis, Alabama, kituo cha mwisho cha mafuta, siku ya mlo wa pamoja gatini, Orrin akamuuliza Harlan tutaondoka lini kuvuka. Harlan akamwangalia Glenda. Glenda akamwangalia mbwa wa Colette.

"Tutaona," akasema.

Tutaona. Mimi nimelea watoto wanne, najua tutaona maana yake nini.

Kesho yake asubuhi, ukungu bado umelalia maji, tukaingizwa langoni. Nikajifunga ukutani, nikatoa maboya ubavuni, nikasimama na mkono tayari. Magnolia ikanipita.

"Glenda! Nafasi yako hii hapa!"

"Leo nafunga kwa Colette, shoga! Kuna kitu ananionyesha!"

"Kitu gani?"

"Kufunga!"

Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuona wivu tumboni, mahali pale pale ambapo njaa hukaa. Waliteremka wale wawili ubavu kwa ubavu, wanacheka, Glenda anakunja kamba kwa kuzungusha mkono vile anavyofanya yule. Ubavuni mwangu akafunga mzee mmoja wa Michigan aliyenieleza habari za pampu yake ya choo mpaka tulipofika chini.

"Mama, shusha mkono," Orrin akaninong'oneza. "Bado umeunyoosha."

Siku ya pili yake ndipo mambo yalipotokea. Mto pale umejikunja kama utumbo, misonobari ya majini imegeuka rangi ya kutu pande zote mbili, na mashua zetu nane zilikuwa zimepangana kwenye mstari kuelekea lango la mwisho. Mbele anakwenda Colette, nyuma yake Magnolia, na usukani wa Magnolia, kwa mara ya kwanza tangu Chicago, ameushika Glenda. Tulijua kwa sababu alitangaza kwenye redio, sauti inatetemeka kwa furaha. Sote tukampongeza. Mimi nikampongeza kwa neno moja.

Redio zetu hizi zina maiki yenye kitufe. Ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia. Ukikikalia, unasema tu, husikii lolote, na chaneli nzima ni yako mpaka unyanyuke. Sisi wazoefu tunaitundika maiki kwenye msumari wake. Glenda, mgeni wa mambo, aliiweka kitini, akakaa.

Kwanza tukasikia kikohozi. Kisha Harlan, wazi kabisa, kana kwamba yuko jikoni kwangu: "Tumbo langu. Ile gumbo. Glenda, ile gumbo haikunitakia mema."

Orrin akatoa macho. Watu wa mashua ya nyuma yetu wakaanza kupiga makofi, nawaona.

"Nenda tena chooni basi," akasema Glenda.

"Nimekwenda mara tatu. Hakuna kilichobaki isipokuwa mimi mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Alabama nzima ilicheka. Kuwaambia huwezi, maana chaneli wameikalia wao. Orrin akanyoosha mkono kuzima redio, ustaarabu umemzidi, nikaupiga ule mkono.

"Acha!"

"Bernadine, siyo vizuri."

"Nimesema acha."

Ndipo Harlan akauliza, "Sasa Ghuba tunavuka na nani? Orrin ananiuliza kila siku, naishiwa na uongo."

"Nataka kumwomba Colette. Leo, jioni, tukitia nanga."

"Bernadine atakufa."

"Bernadine hafi," akasema Glenda. "Bernadine anaua."

Hakuna aliyecheka mashua ya nyuma. Niliona wamesimama, wananitazama mimi kisogoni. Na Glenda akaendelea, taratibu, kama mtu anayepanga nguo kabatini.

"Ananiamsha. Ananichagulia pa kutia nanga. Mlinzi wa lango akiniita mimi, anajibu yeye. Pale Paducah nilianza kusimulia habari za mama yangu, Harlan, mama yangu mimi, akaimalizia yeye, na akaikosea. Nina miaka sitini na nane. Nampenda. Usinielewe vibaya, nampenda sana, ila nampenda zaidi akiwa mbali kidogo. Nikiwa na Colette nasikia sauti yangu. Nikiwa na Bernadine nasikia sauti ya Bernadine."

"Hata mimi," akasema Harlan.

 Orrin alikuwa anaangalia usukani kana kwamba hajawahi kuuona. Nilimsubiri aseme, siyo kweli, mama. Akageuza ukurasa wa ramani.

"Sukuma," nikamwambia.

"Nini?"

"Sukuma injini. Tunakwenda kuwaambia."

"Tunaweza kungoja, labda watanyanyuka wenyewe."

"Anataka kuanza kueleza mapaja yangu sasa hivi, namjua. Sukuma!"

Tukatoka kwenye mstari, tukaipita mashua moja, mbili, honi inalia, mpaka tukawa ubavuni mwa Magnolia, maji yanachemka katikati yetu. Glenda akageuka. Alikuwa na furaha, uso wote umekunjuka, kofia ya ukili kichwani. Kumbe na yeye alishanunua.

"Inuka!" nikamwambia. "Glenda, inuka! Umekalia redio!"

Akainuka. Akaitazama maiki pale kitini kama mtu aliyekuta nyoka. Harlan akajifunika uso kwa fulana yake.

"Umesikia kuanzia wapi?" akauliza Glenda.

"Kuanzia tumbo la Harlan."

Akafumba macho. Tulikwenda hivyo sambamba kitambo, injini zinanguruma, ndege mwari wanapita juu yetu.

"Samahani umesikia," akasema.

"Na kwa kusema?"

Alifikiria. Alinitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuzoea, akatikisa kichwa. "Hapana. Kwa kusema, hapana."

Nikamwambia Orrin apunguze mwendo. Magnolia ikatangulia.

Langoni tukakuta tagi kubwa, boti ya kusukuma, linapitisha matishali, ikabidi tuzime injini tuelee juu ya maji tukisubiri. Redioni kimya. Kwa kawaida tukisubiri hivyo watu wanapeana mapishi, wanatukanana timu za mpira. Siku ile kila mtu alikuwa na shughuli ya kupangusa vioo. Mke wa yule mzee wa Michigan akaniinulia mkono kwa huruma, na niliona heri angenirushia jiwe.

Nilikuwa nimekaa nyuma, natafuna hasira, Zydeco ilipokuja polepole na kugusana nasi. Colette akashika ukingo wa mashua yetu kwa mkono mmoja.

"Habari yako, bibi."

"Ilikuwa nzuri mpaka ulipofika."

Akacheka. Ana meno mazuri, hilo nalo. "Sikuja kukupa pole."

"Afadhali."

"Nimekuja kukwambia kitu, halafu niende. Mimi Ghuba navuka peke yangu. Mashua yangu siwezi kuikokota kwa mwendo wenu wa kobe, injini itajaa masizi. Natoka alfajiri, adhuhuri nakula samaki ng'ambo. Rafiki yako anataka kuniomba, sasa nimesikia kama wewe ulivyosikia. Akiniomba nitamwambia hapana."

"Kwa nini unaniambia mimi? Mwambie yeye."

Akakuna kichwa cha mbwa. "Sijui kusema hapana vizuri. Nikisema, watu hulia. Tangu mume wangu Remy afariki nimepoteza marafiki wengi hivyo." Akaachia ukingo wetu, akaondoka.

Nilifurahi. Sitaki kudanganya, nilifurahi mpaka vidole vya miguu. Nikaona kila kitu: Glenda anaomba mbele za watu, anakataliwa mbele za watu, halafu anakuja kwangu jioni amekunja uso. Nami nasema, ahaa, umerudi? Nilikuwa nimeshachagua hata kikombe nitakachokuwa nimeshika. Sikuwa na haja ya kufanya lolote. Kukaa kimya tu na kumwacha aende akaumie.

Ndipo redio ikakwaruza. Niliitambua ile pumzi kabla ya neno.

"Lango, lango, hapa mashua ya Magnolia." Sauti nyembamba kama ya mtoto anayesoma darasani. "Tuko mashua nane, tunateremka. Tunaomba nafasi, tishali likishapita."

Hiyo ni kazi yangu. Tangu Chicago, mtu wa kuzungumza na walinzi wa malango kwa niaba ya kundi ni mimi. Nilikuwa nimeshaishika maiki yetu mkononi, sijui niliishika saa ngapi.

"Nimekupata vizuri, kapteni," akajibu mlinzi. "Jiandaeni, nawafungulia baada ya huyu."

Kapteni! Mito yote hiyo, malango yote hayo, mimi wananiita bibi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita kapteni. Wivu ulinipanda upya, wa moto, safari hii siyo wa Colette tena bali wa Glenda mwenyewe. Halafu nikasikia kitu. Alikuwa amechelewa kuachia kitufe, na kabla hajakiachia akacheka, kicheko kifupi cha peke yake, kama mtu aliyeokota dhahabu njiani na anaangalia kama kuna anayemwona. Mwanamke aliyeaibika mbele yetu sote asubuhi ile ile, na bado amesimama akaita lango. Na jioni akaambiwe hapana? Hapana. Sikumpenda tena hata kidogo dakika ile, lakini hilo sikuweza kulikalia kimya.

Nikabonyeza.

"Magnolia, Magnolia, hapa Adeline."

Niliona vichwa vikichomoza mashua zote.

"Nakusikia," akasema Glenda, kwa tahadhari.

"Nina ombi." Neno lile lilinikwama, nikalisukuma. "Sisi hatuna mwenzi wa kuvuka naye Ghuba. Tungeomba kuvuka na nyinyi. Kama mna nafasi."

Orrin aliweka ramani chini. Miaka arobaini na mbili hajawahi kunisikia nikiomba kitu ambacho ningeweza kuamuru.  Tagi likapiga honi. Na mimi nimesimama pale na maiki, kundi zima linasikiliza, mwili wote unawasha.

"Nitafikiria," akasema Glenda.

Mtu fulani, na nadhani ni wa Michigan, alipiga mluzi. Nikasema, "Nimepokea," nikaitundika maiki kwenye msumari wake.

Langoni kulikuwa na nafasi kwa kila mtu, ukuta pande zote mbili, na kila mashua ikajifunga peke yake. Tukashuka. Sikumwangalia Glenda na yeye hakuniangalia. Geti la mwisho likafunguka, tukatoka mmoja mmoja, Colette akajivuta kando atie vizuri kamba zake, na hapo tu, mbele yetu maji yakiwa yamepanuka na kuelekea baharini, redio ikaniita.

"Adeline, nimefikiria."

"Nakusikiliza."

"Tutavuka na nyinyi. Lakini mbele nitakuwa mimi. Saa ya kuondoka nitasema mimi. Na ukiona nakosea, usiniambie mpaka nikuulize."

"Usikubali hilo la tatu," Orrin akaninong'oneza. "Hutaliweza."

"Nimepokea," nikasema. "Tangulia."

Akatangulia. Kona ya kwanza tu, akaingia upande wa ndani. Kila aliyesafiri mto huu walau wiki moja anajua kwamba mchanga hulala ndani ya kona, na maji ya kina yako nje. Nililiona kosa kabla halijafanyika. Niliona maji yanabadilika rangi mbele ya Magnolia, nikaona mkono wangu mwenyewe unaitoa maiki msumarini. Orrin alikuwa ananitazama mimi, hatazami mto. Nikang'ata mdomo. Magnolia ikainama kidogo, ikasimama, nyuma yake maji yakawa tope. Akarudi kinyumenyume, injini inalia, tope linafuka, mpaka akachomoka. Ikachukua muda, na mimi niliuhesabu wote kwa meno.

"Adeline, hapa Magnolia," akasema hatimaye, anahema. "Mmeona nilichofanya?"

"Hapana," nikasema. "Tulikuwa tunaangalia ndege."

Orrin akavua kofia yake, akaivaa tena.

Redio ikakwaruza mara nyingine. "Mimi nimeona, kapteni," ilikuwa ni sauti ya Colette, ikitokea nyuma yetu, haina wasiwasi wowote. "Mchanga uko ndani. Kona ijayo pita nje, uufuate ukingo mrefu."

"Asante, Colette!" akasema Glenda. "Asante sana, mwenzangu!"

Mwenzangu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikakiondoa, nikamwambia Orrin aongeze mwendo kidogo, tusiachwe.